Mstari Mwekundu wa Ghala la Tatu

Nilipaka rangi ile mwenyewe, kwa brashi ya inchi nne, wenzangu walipokwenda kula. Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka baadaye. Hakuna aliyenishikia bunduki. Ilinichukua dakika arobaini, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nami nikaenda kula.

Nilichofunika kilikuwa mstari mwekundu wa upana wa kiganja, uliochorwa kwenye sakafu ya ghala la tatu, mita nne kutoka mlango mkubwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: mzigo usivuke. Nafasi kati ya mstari na mlango ni ya foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kugeukia. Foklifti haigeuki kama gari. Magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma, kwa hiyo dereva akizungusha usukani ni mkia unaofagia, na mkia huo ni pande la chuma. Chochote kilichowekwa njiani, utakigonga.

Makuli wa bandari yetu walikuwa na mwiko juu ya mstari ule. Hawakuvusha mzigo hata uwape nini. Vita vilipofika mwaka wa tatu, meli zikaanza kuleta masanduku ya makombora kuliko nafasi tuliyokuwa nayo. Kapteni aliyekuwa juu yetu akaamuru yapangwe hadi mlangoni. Makuli walifika kwenye mstari, wakatua mizigo, wakakaa juu yake na kupiga soga. Kapteni alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mmoja wao akamjibu taratibu, "Afande, mstari ukiwepo hatuvuki. Uondoe kwanza."

Kapteni akanigeukia mimi, mtunza ghala. "Mama, wewe ndiye mwenye diploma. Ifikapo kesho nataka nafasi ya masanduku mia mbili. Utaitoa wapi, shauri yako."

Nilikuwa naishi kwenye nyumba ya bandari, vyumba viwili, na binti wa miaka minane. Mume wangu alikuwa vitani na barua zake zilikuwa zimekoma, hakurudi tena. Ningepoteza kazi ningepoteza na nyumba. Hizo ndizo sababu zangu, na nimezirudia kichwani mara nyingi hata zimechuja. Stoo kulikuwa na rangi ya kijivu iliyobaki ya kupakia ubavu wa manowari. Kesho yake kundi lile la makuli lilihamishiwa gati jingine, likaja kundi geni. Wageni wakakuta sakafu ya kijivu tupu. Wakapanga hadi mlangoni.

Wiki tatu baadaye dereva wa foklifti wa ghala langu aliugua, nikaomba niletewe mume wa mdogo wangu, dereva wa gati la kwanza. Niliomba mimi, kwa barua, ili awe karibu na nyumbani. Jumanne ya pili aligeuza mlangoni, mkia ukagonga rundo, masanduku sita yakamshukia. Hayakulipuka. Ila mkono wa kushoto ulikatwa chini ya kiwiko siku hiyohiyo.

Kwenye uchunguzi niliulizwa, "Je, sakafuni palikuwa na alama yoyote ya nafasi ya kugeukia?" Nikajibu, "Hapakuwa." Siku ile, kweli, hapakuwa. Wakaandika kwenye faili lake: dereva aligeuza bila uangalifu. Maneno manne. Akatolewa bandarini na pasi yake ya kuingilia ikachukuliwa.

Hiyo ni miaka minne sasa. Vita vimekwisha, Kapteni amekwenda anakokujua mwenyewe, na ghala la tatu lilikodishwa na kampuni ya kuleta sukari na ngano. Mimi niliachiwa kazi ya kulirudisha kuwa ghala la watu wanaokula. Ni kazi ninayoiweza. Tulitoa mifuko ya mchanga iliyozunguka kuta, mingi ikiwa imepasuka na kuota majani. Tulikwangua rangi nyeusi iliyopakwa madirishani ndege zisione taa, na mwanga ulipoingia tukaona jinsi tulivyoishi kichafu. Panya walikuwa wamejenga mtaa mzima nyuma ya rafu. Kulikuwa na harufu ya grisi ya bunduki kwenye kila ubao, na sukari huvuta harufu upesi, kwa hiyo mbao zote zilitoka.

Zikabaki kuta na sakafu. Mkaguzi wa kampuni, mtu mwembamba ambaye suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inataka kukata, alitaka sakafu yote ioshwe kwa maji ya moto na kostiki, ile dawa kali inayobabua rangi, kisha ipakwe rangi ya kijani ya kampuni. Angekuja Alhamisi asubuhi, akague, asaini kila kitu: ghala, orodha ya wafanyakazi, na mimi kuwa msimamizi mkuu.

Niliposikia kostiki, nilitazama mlangoni. Rangi ya manowari ni ya chuma. Kwenye saruji hushika tu juujuu. Ile nyekundu ilikuwa rangi ya barabarani, imelowea ndani. Kostiki ingeondoa ya juu na kuiacha ya chini kama ilivyochorwa juzi.

Basi nikapanga. Tuoshe kuanzia ukuta wa nyuma, twende mbele. Paleti mbovu za uani, zile chaga za kuwekea mizigo, ziletwe zipangwe pale mlangoni. Siku ya mwisho nizitoe mwenyewe, nipake kijani juu ya kijivu, bila kuosha. Nani angejua?

Jumapili kabla ya Alhamisi hiyo, mdogo wangu na mumewe walikuja kula kwangu kama kila Jumapili. Kwa miaka minne nimempakulia shemeji kabla ya mtu yeyote. Nyama yake huwa naitoa mfupa nikiwa jikoni, naikata vipande vidogo, ili asihangaike na mkono mmoja mbele za watu. Huwa anapiga kelele, "Shemeji, unaniharibu! Nikirudi kwangu napewa mfupa mtupu."

"Na meno unayo," mdogo wangu humjibu. "Mkono ndio ulikatwa."

Wanataniana hivyo. Mimi hucheka na wao, halafu naenda jikoni kufuata chumvi ambayo tayari iko mezani.

Jumapili hiyo mdogo wangu alinifuata jikoni na fomu. Kampuni ilikuwa inatafuta mwelekezi wa ghala: mtu wa kusimama na filimbi na kuwaongoza madereva wa foklifti wasigongane. Kazi ya macho na kichwa, mkono mmoja unatosha.

"Dada, nani anaijua foklifti kuliko yeye? Anaisikia ikikohoa tu anakwambia ina nini. Tangu atoke bandarini anakaa pale barazani anatengeneza redio za watu, na nyingine anaziharibu. Usicheke. Tazama swali la nane."

Swali la nane liliuliza: Umewahi kusababisha ajali bandarini? Chini yake palikuwa na nafasi ya mtunza ghala kuthibitisha kwa kuangalia faili.

"Nikijaza hapana, faili litasema ndiyo," alisema. "Nikijaza ndiyo, hawamchukui. Wewe si unajuana nao? Sema neno. Sema alikuwa mtu mzuri."

"Nitaona."

"Nitaona ya kweli au nitaona ya kumfukuza mtu?"

"Niachie fomu hapa," nikasema, na nikageuza mgongo kuosha sufuria safi.

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na mdomo wa bibi yake, alikuwa anakausha sahani. Mama yake mdogo alipotoka akaniuliza, "Mama, kwani baba mdogo aligonga kwa sababu ya uzembe?"

"Faili ndivyo linavyosema."

"Sijauliza faili."

Nikamwambia amalize sahani.

Sikusema neno kule kampuni. Nilichofanya ni kile ninachofanya siku zote nikibanwa: nilimpa kitu. Jumatatu nikamwingiza shemeji kwenye kundi la kuosha sakafu, kibarua cha siku tatu. Niliona nimemsaidia. Sikukaa chini kufikiri kwamba namweka mtu yule, na brashi, juu ya sakafu ile. Au nilifikiri nikajificha; siwezi kujitetea sana hapo.

Kundi lilikuwa la kina mama watano, wakiongozwa na mmoja tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Shemeji alifika amevaa buti za zamani za bandarini. Aliubana mpini wa brashi chini ya kwapa la kushoto, akausukuma kwa mkono wa kulia, na kufika saa nne alikuwa amewapita wote.

"Ee baba, punguza mwendo," Redio akamwambia. "Utatufanya tuonekane tumekuja kuota jua."

"Nisifieni basi. Nipigieni makofi, mimi mwenyewe siwezi."

Wakampigia makofi, na ghala zima likaitika. Nilikuwa mlangoni na ubao wangu wa karatasi. Nilikwenda ofisini nikafunga mlango.

Jumatano mchana sakafu yote ilikuwa imeoshwa na kupakwa kijani, isipokuwa ule ukanda wa mlangoni chini ya paleti. Nikawaambia, "Hapa pamoja na paleti niachieni mimi. Mmefanya kazi nzuri, nendeni nyumbani mapema." Nikaenda ofisi ya gati kuchukua makopo ya mwisho ya rangi ya kijani. Karani alikuwa na foleni ya watu saba na kalamu moja. Niliporudi saa nzima ilikuwa imepita.

Paleti zilikuwa nje, zimepangwa ukutani safi kabisa. Kina mama walikuwa wameondoka. Shemeji alikuwa amepiga magoti mlangoni katika maji yenye povu la kijivu, na mbele yake, kutoka ukuta hadi ukuta, mstari mwekundu.

Nilisimama na makopo mikononi. Hakugeuka.

"Nilitaka nikumalizie," alisema. "Nikasema shemeji atatoa paleti hizi peke yake na mgongo ule. Nikasema pia mkaguzi akija kesho akute pamekwisha, pengine atauliza ni nani aliyefanya." Akapitisha brashi tena. "Huu ni mstari wa kugeukia."

"Ndiyo."

"Gati la kwanza tulikuwa nao. Nilipohamia hapa nilitazama chini siku ya kwanza, nikasema, ajabu, hawa hawana. Nikasema pengine ghala hili lina nafasi ya kutosha." Akakwaruza ganda la kijivu kwa brashi. "Mtu alipaka juu."

Angekuwa amenigeukia pengine ningedanganya. Nilikuwa na uongo tayari, Kapteni alitosha kubebeshwa. Nani angempata kumuuliza? Lakini alikuwa amenipa mgongo, na kipande cha mkono wake kilikuwa kimeegemea ndoo.

"Mimi," nikasema. "Nilipaka mimi. Wiki tatu kabla hujaja."

Alisugua tena palepale palipokwisha takata.

"Kapteni alikuamuru?"

"Aliamuru nafasi. Rangi niliifikiria mwenyewe."

"Na kwenye uchunguzi walikuuliza."

"Waliniuliza kama alama ipo. Nikasema haipo."

Hapo akageuka. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Yeye alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani.

"Nyama," akasema.

"Nini?"

"Ile nyama ya Jumapili. Ulikuwa unaitoa mfupa." Akasimama, maji yakimchuruzika magotini. "Miaka minne namwambia mke wangu, dada yako ananipenda kuliko kaka zangu wa tumbo moja. Nimewaambia mpaka majirani."

"Shemeji, nakupenda."

"Sijui," akasema. "Sasa hivi sijui nilikuwa nakula nini." Akaiweka brashi ndani ya ndoo, polepole isimwage, akatoka na buti zake zilizolowa.

Makopo ya kijani yalikuwa miguuni pangu. Nitasema na hili: nilifungua moja. Nilikoroga rangi kwa kijiti, nikachovya brashi. Yeye peke yake ndiye aliyeuona mstari, na neno lake dhidi ya langu lisingefika popote. Faili lilikuwa limeshasema yeye ni mtu wa aina gani. Nilijua hivyo kwa sababu ni mimi niliyesaidia kuliandika. Brashi ilidondosha tone sakafuni, kando tu ya wekundu. Nikalifuta kwa kitambaa changu cha kichwa, nikafunga kopo, nikaenda nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wangu. Ameshaambiwa. Hakuinuka.

"Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati asubuhi," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nasema, Mungu wangu, si ungeangalia nyuma kabla ya kugeuza. Nilimwambia hata mbele ya watoto. Yeye akawa anasema, kweli, niliharakisha. Aliamini, dada. Ulimwacha aamini."

"Kesho nitasema."

"Sema, usiseme, mimi ulipaswa kuniambia." Akanyoosha mkono. "Nipe fomu yangu."

"Nitaijaza kwanza."

"Nipe."

Sikumpa. Niliingia ndani nikafunga mlango, dada mtu mzima, nikajaza swali la nane kwenye meza ya jikoni na yeye anagonga. Niliandika: Hapana. Chini, mahali pa mtunza ghala, niliandika kwamba faili lina makosa, kwamba mstari wa kugeukia ulifunikwa na mimi, tarehe niliyoufunika, na rangi niliyotumia. Nafasi haikutosha nikaendelea nyuma ya karatasi. Binti yangu alisimama akasoma begani kwangu mpaka mwisho. Nikafungua mlango, lakini mdogo wangu alikuwa ameshakwenda.

Alhamisi mkaguzi alikuja saa mbili kamili. Alipitisha kitambaa cheupe ukutani, akakitazama, akakitia mfukoni, akaridhika. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya mstari.

"Huu haumo kwenye ramani yangu."

Nikampa fomu. Aliisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akarudi mbele.

"Mama, unajua umeandika nini hapa?"

"Nina diploma. Najua kuandika."

"Kwa nini hukuipaka tu kijani?"

"Nilifungua kopo," nikasema.

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akasema faili la dereva litafunguliwa upya, na langu litafunguliwa kwa mara ya kwanza. Akasema nafasi ya msimamizi mkuu asingeweza kuisaini. Meli ya sukari inaingia Jumatatu na hakuna mwingine anayejua ghala, kwa hiyo nitaendelea kama mtunza ghala mpaka kikao kikae, na kikao kikiamua nitoke, nitoke na nyumba nirudishe. Aliyasema hayo kwa upole. Heri angefoka.

"Mstari ubaki," akaongeza. "Pakeni kijani pande zote mbili."

Tulipaka, Redio na mimi, na Redio hakusema neno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndivyo nilivyojua habari zimeshaenea.

Jumapili nilipika. Nilijua hawaji, nikapika. Nyama sikuitoa mfupa. Binti yangu na mimi tukala, sahani mbili kwenye meza ya watu wanne, na tulipomaliza akaniuliza kama tutahama. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nianze kufunga vitabu?" Nikamwambia aanze na vile asivyovisoma.

Jumatatu meli ilifunga gati, na sukari ikaanza kuingia, gunia jeupe juu ya gunia jeupe, madirisha yote wazi. Shemeji alikuwepo. Walikuwa wamemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, faili likisubiri. Alivaa koti la njano, mkono mmoja wa koti umekunjwa na kufungwa kwa pini, na nilijua ni nani aliyeifunga pini ile. Filimbi ilikuwa mdomoni. Madereva wapya wawili walimtazama yeye tu.

Hakunitazama. Nilikuwa na ubao wangu, nahesabu magunia kama nilivyohesabu masanduku, na katika kuhesabu nikasogea mbele ili nione safu ya nyuma. Foklifti ilikuwa inaingia.

Filimbi ililia mara mbili. Dereva akasimama papo hapo.

"Mama Ghala!"

Watu wote bandarini huniita hivyo. Yeye hakuwahi, tangu siku aliyokuja kwetu kuposa.

"Mama Ghala, umevuka. Nyuma ya mstari, tafadhali."

Nilitazama chini. Viatu vyangu vyote viwili vilikuwa upande wa mlango. Makuli waliacha magunia wakanitazama. Nikarudi nyuma, hatua moja, halafu nyingine, mpaka wekundu ukawa mbele ya vidole vyangu. Aliinua mkono wake, akampungia dereva, na foklifti ikageuka, mkia wake ukapita taratibu mahali nilipokuwa nimesimama.